Mashine ya kemia ya damu kwa kliniki ndogo: ichague usije ukaifunika kitambaa

Katika maabara nyingi ndogo ipo mashine ya kemia iliyofunikwa kitambaa kwenye kona ya meza. Ukiuliza, mara nyingi utaambiwa haijaharibika. Vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, havipatikani tena kwa msambazaji, au taa iliungua na hakuna anayejua inaagizwa wapi, au mtu pekee aliyefundishwa kuitumia alihama. Wagonjwa wanaandikiwa vipimo vya figo na ini wakapime mjini, na majibu yanarudi kesho kutwa, kama yanarudi.

Mwongozo huu ni wa mwenye kliniki, mganga mfawidhi au mteknolojia wa maabara anayenunua mashine yake ya kwanza, au anayebadilisha iliyochoka. Tuanze na jambo ambalo mnunuzi wa kwanza hulikosea: kitu unachokinunua hasa ni vitendanishi vya miaka mitano ijayo. Mashine ni chombo cha kuvisomea. Ukiweka hilo mbele, maswali mengine yote hukaa mahali pake.

Kabla ya brosha, rejista

Chukua rejista ya wagonjwa wa nje (OPD) na nakala za rufaa za miezi mitatu iliyopita. Hesabu kila kipimo cha kemia kilichoandikwa, pamoja na vile ambavyo mgonjwa hakwenda kupima. Gawanya kwa siku za kazi. Usikisie, kwa sababu makisio huwa makubwa kuliko ukweli, na kwa makisio makubwa ndipo watu huuziwa mashine ya hospitali ya mkoa kwa ajili ya kliniki yenye wagonjwa wanne wa kemia kwa siku.

Kisha angalia ni vipimo gani vinajirudia. Kliniki yenye wagonjwa wengi wa kisukari na presha itakuta kreatinini, glukosi, kolesteroli na potasiamu. Wanaotumia tenofovir, dawa ya VVU, wanahitaji kreatinini, kipimo cha figo. Wanaotumia dawa za kifua kikuu wanahitaji vimeng'enya vya ini (ALT na AST) na bilirubini, kwa kuwa isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote zinaweza kuumiza ini. Mjamzito mwenye presha ya juu na protini kwenye mkojo anahitaji kreatinini na vimeng'enya vya ini siku hiyohiyo; jibu la kesho kutwa halimsaidii. Watoto wenye selimundu wanahitaji bilirubini ya jumla na ile ya moja kwa moja. Ukimaliza kuhesabu utakuta vipimo nane au tisa vinabeba karibu kazi yote. Menyu ya vipimo 60 kwenye brosha haikuongezei chochote.

Potasiamu iwekee mstari wake peke yake. Sodiamu, potasiamu na kloridi hupimwa kwa elektrodi, si kwa rangi, na elektrodi hula maji yake ya kujirekebisha hata siku ambayo hakuna mgonjwa. Elektrodi ya potasiamu ikichakaa hubadilishwa, iwe imepima watu mia tano au kumi. Kwa kliniki yenye maombi mawili ya potasiamu kwa wiki, mashine ya elektrolaiti inayokesha ikijirekebisha ni hasara. Katriji ya kutumia mara moja, au makubaliano na hospitali iliyo jirani, itakutosha.

Aina zilizopo, na kila moja inataka nini kwako

Ya kwanza ni mashine ya nusu otomatiki, na ndiyo farasi wa kazi katika maabara nyingi za Afrika Mashariki. Mteknolojia anapima kitendanishi na seramu kwa pipeti, anachanganya, anaacha kwenye joto la nyuzi 37, kisha mashine inafyonza mchanganyiko hadi kwenye floseli, yaani kijichumba kidogo cha kioo, na kupima mwanga uliomezwa. Ndani kuna taa ya halojeni na vichujio vya mawimbi ya 340, 405, 505, 546, 578 na kuendelea hadi 620 au 630 nanomita. Ubora wake mkubwa ni kwamba kwa kawaida ni ya wazi: unaweza kununua kitendanishi cha kampuni yoyote mradi unaingiza namba zake kwenye programu. Msambazaji mmoja akikuangusha, unaenda kwa mwingine.

Udhaifu wake ni kwamba jibu linategemea mkono. Tuangalie mahali pamoja tu. Kikaratasi cha kitendanishi cha glukosi kinasema mikrolita 10 za seramu kwenye mikrolita 1,000 za kitendanishi. Ili kubana matumizi, maabara inashusha kuwa 5 kwenye 500. Uwiano ni uleule, hesabu haibadiliki, na kwa karatasi hakuna kosa. Lakini kwenye mikrolita 5, tone dogo lililobaki nje ya ncha ya pipeti, nusu mikrolita tu, ni asilimia 10 ya sampuli. Mgonjwa wa 7.0 anasomwa 7.7. Kwa hiyo ukiamua kupunguza ujazo, pipeti iwe ya mikrolita 2 hadi 20 (ile ya 10 hadi 100 haiwezi kazi hiyo), ncha ifutwe kwa karatasi laini bila kugusa tundu, na pipeti ipimwe uzito wa maji kwenye mizani angalau mara moja kwa mwaka.

Kosa la pili la mashine hizi ni namba ya kuzidishia. ALT ya 340 nanomita kwa mikrolita 1,000 za kitendanishi na 100 za seramu ina kizidisho cha 1,768: ujazo wote 1.1 mara 1,000, gawa kwa 0.1 mara 6.22 (namba isiyobadilika ya kipimo hiki kwenye 340). Mtu akipunguza seramu iwe 50 kwa 1,000 ileile bila kugusa programu, kizidisho sahihi kingekuwa 3,376, na majibu yote yatatoka karibu nusu. Hakuna kengele itakayolia. Ini lililoumia litasomeka zima.

Na tatu ni povu. Kapovu kamoja kwenye floseli hutawanya mwanga, na jibu linaruka juu au linatoka hasi. Ukiona usomaji wa maji matupu hautulii kwenye sifuri, usipime mgonjwa: osha kwa maji yaliyotoneshwa (distilled) mara tatu nne, kisha kwa dawa ya kusafishia ya mtengenezaji, iache dakika chache, osha tena. Ikiendelea kuhangaika kwenye 340 pekee huku mawimbi mengine yametulia, taa inazeeka. Halojeni hutoa mwanga mdogo sana upande huo, kwa hiyo ALT, AST na yurea ya kinetiki ndizo za kwanza kuyumba.

Aina ya pili ni kemia kavu na diski. Kwenye kemia kavu, kitendanishi kimekaushwa kwenye kipande kidogo. DRI-CHEM ya Fujifilm, kwa mfano, hudondosha mikrolita 10 za seramu au plazma kwenye kila kipande cha kipimo cha rangi. Kwenye diski, kama ya Piccolo Xpress, unaweka mikrolita 100 za damu nzima yenye lithiamu heparini. Diski yenyewe inazunguka, inatenganisha plazma, na baada ya dakika 12 hivi unapata kundi zima la vipimo. i-STAT ya Abbott ni ya mkononi, na katriji zake hubeba elektrolaiti, kreatinini na gesi za damu. Zote hizi hazitaki maji yaliyotoneshwa, na mhudumu wa zamu ya usiku anaweza kufundishwa kuzitumia kwa siku moja.

Ila ni mfumo uliofungwa. Diski ya kampuni hii haiingii kwenye mashine ya kampuni ile, na siku kampuni itakapoacha kutengeneza diski hizo, mashine yako imekufa ikiwa nzima. Tena nyingi zinataka jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Katriji za i-STAT zinazotunzwa kwenye baridi zikitolewa nje, nyingi zina siku 14 tu kwenye joto la chumba, na lazima zipoteze baridi kabla ya kutumika: dakika 5 kwa moja, saa nzima kwa boksi. Na zikishatoka hazirudishwi. Maabara inayopoteza umeme usiku kucha bila kujua inaweza kuwa inatumia katriji zilizokwisha muda.

Aina ya tatu ni otomatiki kamili ya mezani: unaweka tyubu, inachota, inachanganya na kuosha yenyewe. Ni nzuri. Lakini inakunywa maji safi kwa lita kila saa ya kazi, inataka mashine ya kusafisha maji pembeni, inataka mkataba wa matengenezo, na ina kiasi cha kitendanishi kinachobaki chini ya chupa bila kuchoteka. Chini ya wagonjwa 25 au 30 wa kemia kwa siku, hatuipendekezi, hata ukipewa kwa bei nzuri.

Hesabu ya kitendanishi ambayo msambazaji hataifanya

Msambazaji atakwambia: boksi ni shilingi 60,000, linatoa vipimo 200, kwa hiyo kila kipimo ni shilingi 300. Namba hizi ni za mfano; weka za kwako. Sasa fuatilia boksi hilo mwezi mmoja.

Una wagonjwa 3 wa kipimo hicho kwa siku, siku 26: vipimo 78. Kontroli mbili (sampuli ambazo jibu lake linajulikana) kila asubuhi, ya kawaida na ya juu: 52. Kalibresheni, yaani kuirekebisha mashine kwa kiwango kinachojulikana, kila wiki, vipimo 3 mara 4: 12. Marudio: 6. Jumla 148. Kitendanishi kikishachanganywa kinadumu siku 30, hivyo vipimo 52 vilivyobaki vinamwagwa. Majibu uliyoweza kuyatoza ni 78, na kila moja limekugharimu shilingi 769, zaidi ya mara mbili ya bei ya brosha.

Ukinunua kitendanishi kilekile katika chupa nne za mililita 25 badala ya mbili za 50, unafungua moja moja. Chupa moja inatoa vipimo 50, tatu zinatosha mwezi, ya nne inabaki imefungwa hadi mwezi ujao. Gharama inashuka hadi shilingi 577 bila kubadili mashine wala kampuni. Ukubwa wa chupa uulize kabla ya kuuliza bei.

Kulinganisha na diski, tumia njia hii. Andika gharama za mwezi zisizotegemea idadi ya wagonjwa (kontroli, kalibresheni, vinavyomwagwa, maji, taa) na gharama ya kila mgonjwa. Tuseme nusu otomatiki inakula 420,000 kwa mwezi pamoja na 5,000 kwa kila mgonjwa wa vipimo vitano; diski inakula 60,000 kwa mwezi pamoja na 33,000 kwa kila mgonjwa. Tofauti ya mwezi ni 360,000, tofauti ya mgonjwa ni 28,000; gawa, unapata karibu 13. Kwa namba hizo, chini ya wagonjwa 13 kwa mwezi diski ni nafuu. Juu ya hapo nusu otomatiki inashinda, na inashinda zaidi kila mgonjwa anapoongezeka.

Lakini ongeza swali ambalo shilingi hazilijibu: nani anapima saa nane usiku? Kama mteknolojia wako ni mmoja na analala nyumbani, nusu otomatiki haimsaidii mama mwenye kifafa cha mimba aliyefika usiku. Kwa kliniki inayolaza wagonjwa, tumeona mantiki ya kuwa na nusu otomatiki ya mchana na boksi dogo la katriji za dharura. Ni gharama mbili, lakini kila moja inafanya kazi yake.

Ipime mashine kwa kreatinini

Glukosi ni kipimo chepesi. Karibu kila mashine huipata. Ukitaka kujua ubora, tazama kreatinini. Thamani zake ni ndogo, daktari anabadilisha dozi kwa tofauti ndogo, na njia iliyo rahisi zaidi, ya Jaffe, ina adui wengi. Pikrati ya alkali, kitendanishi cha njia hiyo, inabadilika rangi pia kwa ketoni, kwa glukosi nyingi, kwa protini na kwa baadhi ya antibayotiki za kundi la sefalosporini. Bilirubini nyingi inaivuta chini. Mgonjwa wa kisukari mwenye ketoni anaweza kuonekana ana figo mbovu kuliko alivyo, na mwenye manjano kali akaonekana ana figo nzuri kuliko alizo nazo.

Muulize msambazaji mambo matatu kuhusu kreatinini yake. Je, ni Jaffe ya kinetiki au ni njia ya kimeng'enya? Ya kimeng'enya ni ghali lakini haisumbuliwi sana na vitu hivyo. Je, kalibreta yake (sampuli ya kurekebishia mashine) inafuata IDMS, njia rejea ya kupimia kreatinini? Bila hiyo, fomula za kukadiria kazi ya figo kama CKD-EPI hazikubali namba zako. Na kama ni Jaffe iliyorekebishwa, inatoa kiasi gani kufidia protini? Kwa kawaida ni kati ya mikromoli 18 na 26 kwa lita, na kwa mtoto mdogo au mtu aliyekonda sana marekebisho hayo yanaweza kumeza karibu kreatinini yote aliyo nayo. Msambazaji asiyeweza kujibu moja kati ya haya akuletee mtu anayeweza.

Hapo hapo amua vizio. Miligramu kwa desilita moja ya kreatinini ni mikromoli 88.4 kwa lita. Milimoli moja kwa lita ya glukosi ni miligramu 18 kwa desilita. Chagua vizio ambavyo daktari wako anavitumia, weka kwenye mashine siku ya kwanza, vichapwe kwenye karatasi ya majibu pamoja na viwango vya kawaida. Kizio kilichochanganywa kimewahi kuwapa watu dozi wasizostahili katika maabara nyingi duniani.

Umeme, joto, maji

Soma ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mashine, si brosha. Tafuta joto la kufanyia kazi. Nyingi zinaandika nyuzi 15 hadi 30 au 32. I-STAT ni 16 hadi 30. Tanga, Mtwara, Mombasa, au chumba chochote chenye bati bila dari, mchana wa Februari kinapita hapo. Mashine bora itakataa na kutoa ujumbe. Mashine ya kawaida itaendelea kutoa namba. Kwa hiyo kiyoyozi cha chumba kile ni sehemu ya bei ya mashine. Weka kipimajoto ukutani na kingine ndani ya jokofu, uandike asubuhi na jioni.

Umeme wa kwetu ni volti 230 hadi 240, hezi 50. Mashine za msaada kutoka Marekani mara nyingine ni za 120, na kuichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya kwetu ni kuichoma. Angalia kibandiko cha nyuma kabla ya kuigusa. Ukiwa na inveta, iwe ya wimbi safi (pure sine wave). Hesabu ya betri ni rahisi: betri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200, ya risasi-asidi usiitumie chini ya nusu, inabaki 600, toa hasara ya inveta, inabaki 510 hivi. Mashine na kompyuta yake zikila wati 150, una saa tatu na dakika ishirini. Sentrifuji na jokofu visikae kwenye UPS (betri ya akiba) ya mashine, kwa sababu mota zikianza huvuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS inazima katikati ya kipimo.

Maji yaliyotoneshwa yanunuliwe kwa msambazaji wa maabara au yatengenezwe hapo. Maji ya chupa ya kunywa yana madini na yataharibu kalsiamu, magnesiamu na fosfeti kwanza. Kipimamaji kidogo cha mkononi cha TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, ni bei rahisi. Kikionyesha zaidi ya 1, usitumie.

Sentrifuji na tyubu navyo vimo kwenye bajeti. Tyubu ya zambarau yenye EDTA usiipeleke kwenye kemia: EDTA ya potasiamu inapandisha potasiamu hadi viwango vya kutisha, na inaikamata kalsiamu na kushusha fosfetasi ya alkali. Glukosi kwenye damu isiyotenganishwa hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, na kwenye joto letu zaidi. Tyubu ya kijivu yenye floridi au kutenganisha ndani ya nusu saa ndiyo dawa. Seramu nyekundu kwa chembe zilizopasuka ina potasiamu na AST ya uongo. Mashine ya milioni nyingi haiwezi kurekebisha sampuli mbovu.

Siku ya majaribio, mkononi mwako

Usikubali maonyesho yanayofanywa na mtu wa mauzo kwa kontroli yake. Mwambie mteknolojia wako apime, kwa sampuli zenu, kwenye chumba chenu, saa sita mchana.

Kwanza, seramu moja ipimwe kreatinini mara kumi mfululizo. Tuseme unapata 92, 95, 90, 94, 93, 96, 91, 93, 95, 91. Wastani ni 93. Toa kila namba kwenye wastani, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha: 36. Gawa kwa 9, unapata 4. Kipeuo cha pili chake ni 2, na huo ndio mkengeuko sanifu. Gawa 2 kwa 93: asilimia 2.2. Hiyo ni nzuri. Kwa kreatinini tunakubali hadi 4, kwa glukosi 3, kwa ALT 5. Tazama pia mpangilio: namba zikipanda hatua kwa hatua kutoka 90 hadi 96, mashine haijafikia joto lake au kitendanishi kinakauka kwenye chombo wazi. Mtawanyiko ni uleule, lakini tatizo ni jingine.

Pili, chukua sampuli 20 za wagonjwa, za chini, za kawaida na za juu, gawanya kila moja mara mbili, nusu yake uipime hapo na nusu uipeleke maabara ya hospitali unayoiamini siku hiyohiyo. Tofauti ya kila moja iandike kwa asilimia. Kipimo cha kulinganishia tunachokipenda ni kanuni za CLIA, za ubora wa maabara za Marekani, zilizoanza kutumika 2025: kreatinini isizidi asilimia 10 au miligramu 0.2 kwa desilita, lililo kubwa kati ya hayo. Glukosi asilimia 8 au miligramu 6. Sampuli moja ikitoka nje ya mstari, itazame kama ina manjano au wekundu. Zikitoka zote upande mmoja, kalibresheni ndiyo mbovu, na hiyo hurekebishika. Zikitawanyika huku na huku, achana na mashine hiyo.

Tatu, zima umeme katikati ya kipimo. Washa. Je, inarudi yenyewe na kumbukumbu zote, au inaanza kudai kalibresheni mpya?

Karatasi za kusaini

Tanzania, hakikisha mashine na vitendanishi vimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na maabara binafsi ina usajili wa Bodi ya Maabara Binafsi za Afya. Kenya, KMLTTB, bodi ya wateknolojia wa maabara, ndiyo inayothibitisha vifaa na vitendanishi vya maabara. Omba namba ya usajili, usiridhike na ahadi kwamba "inashughulikiwa".

Kama unapewa mashine bure kwa sharti la kununua vitendanishi, soma kiwango cha chini cha manunuzi ya mwezi na ukilinganishe na rejista yako ile ya mwanzo. Hapa ndipo kliniki ndogo huumia: kiwango kimewekwa kwa wagonjwa 20 kwa siku, wao wana 6, na vitendanishi vinaisha muda kabati zima. Mkataba useme muda uliobaki wa kila kitendanishi siku kinapofika, usipungue miezi sita. Fundi atafika ndani ya saa ngapi. Na nani analipia usafiri wake. Mafunzo yawe kwa watu wawili, na yarudiwe mmoja akihama. Pamoja na mashine ije taa ya akiba, mipira ya pampu, fyuzi na roli za karatasi. Mpigie simu mteja mmoja wa msambazaji huyo aliyenunua miaka mitatu iliyopita, umuulize swali moja tu: mara ya mwisho mashine iliposimama, ilikaa siku ngapi?

Mashine ikishafungwa, jiunge na mpango wa ubora wa nje, kama ule wa HUQAS wenye makao Nairobi, ambao hukutumia sampuli zisizojulikana ili majibu yako yalinganishwe na ya maabara nyingine. Bandika tarehe ya taa mpya kwenye mgongo wa mashine. Chora grafu ya kontroli ya kila siku ukutani kwa kalamu, hata kama mashine ina yake ndani: kontroli moja nje ya mikengeuko sanifu mitatu, au mbili mfululizo nje ya miwili upande uleule, simamisha majibu. Na kabla hujampima mgonjwa wa kwanza, piga picha kila ukurasa wa programu ya kila kipimo: wimbi, uwiano, muda, kizidisho, vizio. Betri ndogo ya ndani ikifa, mashine nyingi za nusu otomatiki husahau vyote hivyo usiku mmoja, na picha hizo ndizo zitakazokuwezesha kupima asubuhi inayofuata.